Tulivyorekodi udi wa mjomba Kibokoni, na ushauri wa ovyo tuliopewa

Ukimuuliza mtu yeyote hapa Mombasa, nataka kurekodi nyumbani nianzie wapi, jibu ni moja tu: nunua kondensa, ile maiki nyeti ya studio. Hata muuza kava za simu atakwambia kondensa. Hakuna anayekuuliza chumba chako kikoje, dirisha laangalia wapi, jirani ana jenereta au hana. Mimi nilikuwa nataka kurekodi udi, ile ala ya nyuzi, na sauti ya mjomba wangu kabla vidole havijamkatalia, na nyumba yake iko Kibokoni ghorofani, chini tuktuk zapita mchana kutwa, kunguru juu ya mabati hawana likizo, halafu unipe maiki inayosikia mpaka mtu akikohoa nyumba ya tatu! Tena kondensa nyingi hazifanyi kazi bila umeme wa fantomu, volti 48 kutoka kwenye mixa au intafesi, kile kijisanduku cha kuingizia sauti kwenye laptopu, na hilo muuzaji hakutajii mpaka ushalipa ushafika nyumbani.

Nikachukua Shure SM58, ile ile ya harusini na kwenye mawaidha, imeanza kutengenezwa 1966 na haidai umeme wowote. Ya mtumba, kwa jamaa ambaye bendi yao ilivunjika, kama elfu nane hivi pamoja na stendi iliyolegea. Bandia zimejaa kwa hivyo fungua macho. Ya kawaida haina swichi ya kuwasha na kuzima, yenye swichi zipo lakini ni toleo lake mbali, so ukiletewa yenye swichi na muuzaji mwenyewe hajui kwa nini ina swichi, mwage salamu uende zako. Na iwe na uzito mkononi, karibu gramu 300, bandia nyingi ni nyepesi hata kabla hujaichomeka unajua.

Intafesi ndogo ya matundu mawili niliazima, laptopu ninayo, programu ni Audacity ambayo ni ya bure. Hayo yaliisha siku moja. Kasheshe ni chumba.

Kuna fundi mmoja mtaani, mtu mzuri simsemi vibaya, alipandisha ngazi akapiga makofi mawili katikati ya chumba akasema, "Mzee, hapa pana mwangwi, dawa yake ni trei za mayai." Mimi nikasema trei ni karatasi tu zile, zitazuia nini? Mjomba akanitazama vile wazee wanavyotazama, akasema, "Wewe mwanangu kila kitu wakijua wewe, mwache fundi afanye kazi yake." Basi nikanyamaza. Trei zikaja rundo zima zimefungwa kamba, nyingine zina manyoya bado, nyingine zina yai limekaukia, fundi akazibandika kwa gundi ukuta mzima mpaka juu ya mlango. Mjomba kafurahi, kaita majirani waje waone studio.

Tukarekodi. Sauti ikatoka kama mtu anaimba ndani ya mtungi. Sababu ni kwamba karatasi nyepesi vile inakula zile sauti nyembamba za juu kidogo tu, zile nzito za udi zinabaki zinazunguka chumbani, na kelele ya nje inapita kama kawaida, tuktuk haijui kama kuna trei. Na hiyo ilikuwa kaskazi, joto na unyevu mpaka kuta zatoka jasho, gundi ikaanza kuachia. Mjomba kafumba macho, yuko katikati ya taksim tamu kabisa, ule upigaji wa peke yake wa kubuni papo hapo, taksim sijamsikia akipiga vile miaka, trei ya kwanza ikaanguka pap nyuma yake. Hakusimama. Ya pili ikashuka na mende wawili, mmoja akatua kwenye kofia, mjomba akaendelea kupiga huku yule mende anapanda kofia taratibu, mimi nimeshika mdomo nisicheke maana maiki iko wazi, mwisho akafika kwenye paji la uso na taksim ikaishia na neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Faili hilo ninalo. Siuzi wala sifuti. Na mtu asiseme trei hazina madhara, karatasi kavu ukuta mzima na nyaya zimepita kando yake, cheche moja tu nyumba imekwenda.

Nikazibandua zote. Sasa sikilizeni ujanja wenyewe, na huu sikufundishwa na mtu. Maiki kama hii inasikia mbele yake, ubavuni kidogo, nyuma ndiyo kiziwi. Watu wengi wanaweka blanketi nyuma ya maiki, mbele ya mwimbaji. Lakini maiki yamtazama nani? Yamtazama mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake! Sauti inayogonga ule ukuta na kurudi ndiyo inayoingia kwenye maiki moja kwa moja. Kwa hivyo kitu kizito kiweke nyuma ya MWIMBAJI. Nikavuta godoro la kitanda kikubwa nikalisimamisha nyuma ya mjomba, pembeni nikatundika blanketi nzito za mitumba za Kongowea, hazikufika hata elfu moja unusu zote, chini zulia. Halafu mgongo wa maiki nikauelekeza dirishani kule kwenye tuktuk. Mjomba akawa anakaa kwenye pembe yake ya godoro akilalamika anapikwa, na ni kweli, feni lazima uizime, hakuna njia nyingine. Tukawa tunarekodi usiku baada ya isha, kunguru wamelala, njia imetulia. Mchana msijisumbue.

Kwa udi peke yake, maiki usiitazamishe lile tundu kubwa, utapata mvumo tu wa tumbo bila nyuzi. Ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo, umbali kama shubiri moja mpaka mbili, kisha msogeze mpigaji si maiki, vaa hedifoni, usikie inapokaa. Kwa sauti ya mtu ukimsogeza sana karibu inanenepa chini, mjomba aliipenda hiyo akawa anataka kuimeza maiki, ikabidi niweke mto mdogo kati ya goti lake na stendi asisogee. Ukirekodi acha nafasi juu, mimi pale anapopaza kabisa nataka isizidi kama desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo cha sauti kwenye programu, ikishagonga juu imeharibika na hakuna kitufe cha kuirudisha sawasawa.

Tukafika mahali pazuri, pakaingia mngurumo. Mmmmm mfululizo, ule wa umeme, hezi 50. Yule yule fundi akasema kwa simu, kata ile pini ndefu ya plagi, utaona unaisha. Ndugu zangu, ile pini ndiyo ethi, ya kupeleka ardhini umeme uliovuja! Ukiikata huenda mngurumo ukaisha kweli, na siku chuma cha kifaa kikipata moto wa umeme, mtu anayeshika maiki huku mdomo uko kwenye wavu wake ndiye atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Watu wamekufa stejini hivyo. Tena plagi zetu hizi pini ile ndiyo inayofungua vijitundu vya soketi, ukishaikata unaanza kuchokoa na kijiti, balaa juu ya balaa. Mimi nilichofanya nikachomoa chaja ya laptopu. Kimya! Betri yangu ni ya kizee kwa hivyo tulikuwa tunaimba kwa haraka haraka, chaja inarudi mjomba akiteremka kunywa kahawa. Kama betri yako imekufa kabisa, chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, mara nyingi inapungua. Na friji ya jirani upande wa pili wa ukuta, muombe mwenyewe aizime kwa adabu, sisi tulimpelekea mahamri.

Binamu yuko Muscat, alipopelekewa hiyo rekodi aliuliza tumekodi studio gani Nairobi, mjomba akamwambia ni siri ya familia.

Vifaa huku pwani vinaliwa na chumvi, usiache maiki kwenye stendi usiku kucha dirisha wazi, iweke kwenye kopo lenye kifuniko na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu za ndani ya viatu vipya, na nyuzi za udi zipanguswe jasho kila ukimaliza. Kebo zikunje kwa duara pana, moja ndani moja nje, usizizungushe kwenye kiwiko kama kamba ya kisima, zinakatikia ndani huzioni. Maiki nitakuazima ukija na heshima zako, kebo siazimi mtu tena.