Utamu Usiokaa

Wifi yangu alinikuta jikoni na kisu, nakatakata bamba la chokoleti. Akavuta kiti, akaniangalia weee, mwisho uvumilivu ukamwishia: "Wifi, si ungenunua tu boksi ukapumzika?" Nikacheka, nikampa kipande, akatulia. Lakini swali lake lina haki. Trufeli za chokoleti, vile vitonge laini vya chokoleti na krimu, zinauzwa, zimefungwa vizuri, na nyingine ni tamu kweli. Kwa nini mtu mzima mwenye nguo za kufua na usingizi wa kufidia asimame usiku akiviringisha matonge madogo madogo viganjani?

Nimelitafakari, na jibu langu ni kwamba ile ya boksi na hii ya kwangu ni vitu viwili tofauti. Ya boksi imetengenezwa kwa ajili ya safari. Itakaa ghalani, itapakiwa garini, itasimama rafuni miezi, na siku ukiifungua inatakiwa iwe vilevile. Ili iyaweze yote hayo, kile kilichomo ndani lazima kiwe na maji machache sana yaliyo huru, maana penye maji ndipo ukungu na bakteria hupata pa kuishi. Ndiyo maana mtengenezaji anaongeza sukari, au sharubati ya glukosi, au kileo, au anaachana na krimu na kutumia mafuta ya mimea. Simlaumu, kazi yake inamtaka hivyo. Ila trufeli ukiivua mapambo yote ni chokoleti na krimu, basi. Krimu ni maziwa, na maziwa hayamsubiri mtu. Nikitengeneza leo, friji itanitunzia kama wiki moja hivi. Ulaini ule ninaoutafuta unatokana na kitu hichohicho kinachoifanya isikae.

Mahitaji yenyewe ni machache. Gramu 200 za chokoleti nyeusi, gramu 100 za krimu nzito yenye mafuta ya asilimia 35 hivi, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, kijiko cha siagi ukipenda, na unga wa kakao wa kuviringishia. Mbili kwa moja, na kwa uzito. Nang'ang'ania uzito kwa sababu vikombe vinadanganya: chokoleti iliyokatwa mapande huacha nafasi katikati, iliyokatwa laini hushindiliana, na kikombe ni kilekile. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi. Ukiweka krimu sawa kwa sawa na chokoleti utapata kitu kizuri cha kumwagia keki, lakini hakitakubali kuviringishwa hata ukipigie magoti.

Na kwa uchache huo, hakuna pa kujificha. Chokoleti ikiwa mbaya, krimu haitaiokoa. Mimi huonja kwanza. Kama kipande kikavu hakinitamanishi kingine, hakiingii kwenye bakuli langu. Ile asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi wala siichukulii kama cheo. Asilimia 70 inakuambia tu kwamba sehemu hiyo ya bamba imetokana na kakao, yaani unga wake na mafuta yake kwa pamoja, na inayobaki karibu yote ni sukari. Mabamba mawili ya 70 yanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, moja limejaa mafuta, jingine limejaa unga. Mimi naishia kati ya 60 na 70. Zile za 85 nawaachia wenye moyo wa chuma. Si uchungu tu. Kakao ikizidi sana, mchanganyiko nao unakuwa mkaidi, unakatika kwa urahisi, yaani mafuta yanajitenga.

Krimu naiweka kwenye moto mdogo, mpaka pembeni mwa sufuria vianze kuonekana vipovu na mvuke uanze kupanda. Haihitaji kutokota. Naimwaga juu ya chokoleti iliyokwisha katwakatwa, kisha nakunja mikono. Dakika moja, mbili, siigusi. Joto lina kazi ya kufanya humo ndani, na mwiko ukiingia mapema unalipoza kabla halijafika kwenye vipande vyote.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nachukua mwiko wa mpira, nausimamisha katikati ya bakuli, naanza kuzungusha kwa miduara midogo, palepale, bila kwenda pembeni. Mwanzoni inakatisha tamaa. Krimu imejaa madoa ya kahawia, majimaji, kama uji uliosahauliwa unga. Naendelea. Mara pale katikati kinajitokeza kiduara cheusi, kizito, kinachong'aa, na mwiko unaanza kuvutwa kidogo. Kiduara kinapanuka. Naupeleka mwiko mbele kidogo, nachota krimu ya pembeni, narudi. Kinapanuka tena, mpaka bakuli zima limekuwa jeusi na laini, na naiona taa ya dari imelala juu yake. Hiyo ndiyo ganashi.

Kwa muda mrefu nilijiuliza jambo moja. Kila anayejua chokoleti atakuonya: ikiwa inayeyuka, tone la maji lisiingie. Na ni kweli, tone likiingia, chembe za sukari zinalowa, zinang'ang'aniana, na chokoleti iliyokuwa inatiririka inageuka bonge gumu lenye chengachenga. Sasa krimu je? Zaidi ya nusu yake ni maji! Kumbe shida ni uchache wa maji, si maji yenyewe. Maji kidogo yanatosha kuzigandisha chembe tu. Yakiwa mengi, chembe zinapata pa kuelea, sukari inayeyuka, na mafuta yote ya kakao na ya krimu yanatawanyika ndani ya maji hayo kwa vitone vidogo visivyoonekana kwa macho. Kule kuzungusha katikati ndiko kunakovikata vitone hivyo. Kwa hiyo hata ile chokoleti iliyofanya bonge haina haja ya kutupwa. Ukiiongezea krimu ya moto inarudi kuwa laini, ingawa haitafaa tena kwa kazi iliyokuwa imekusudiwa.

Ganashi nayo ikikatika, utaijua. Inakuwa na chembechembe, mafuta yanachuruzika pembeni kama jasho, mng'ao wote unapotea. Watu wengi hapo huanza kuipiga kwa nguvu na kuipasha moto zaidi, na kila kipigo kinazidi kuharibu. Mara nyingi maji ndiyo yamepungua na mafuta yamekosa pa kukaa. Kijiko kimoja cha maziwa ya uvuguvugu, unazungusha taratibu kutoka katikati, ukiona bado unaongeza kingine. Inarudi. Kila inaporudi naona kama nimefanya mazingaombwe.

Siagi naitia ganashi ikishapoa kidogo, na chumvi. Kisha nafunika kwa plastiki inayogusa uso wake ili isifanye ngozi, naiacha ishike yenyewe nje ya friji, nakwenda kufanya mambo mengine. Wenye haraka huikimbiza kwenye friji, kingo zinakuwa ngumu na katikati bado ni mchuzi.

Kuna watu husema kupika ni tiba. Mimi zipo siku ninazopika na hasira zangu zote na nikimaliza nazikuta palepale, zimeongezewa vyombo vya kuosha. Ila kwenye kuviringisha trufeli kuna jambo linalonilazimisha nitulie nitake nisitake, nalo ni joto la mwili wangu mwenyewe. Siagi ya kakao, yaani yale mafuta yake, ina tabia ya ajabu: kwenye hewa ya kawaida ni ngumu, inavunjika kwa mlio, lakini ikifika nyuzijoto 34 hivi imekwisha kuyeyuka. Mdomo uko karibu na 37. Ndiyo sababu chokoleti inaachia yote ulimini kwa mkupuo. Lakini kiganja nacho hakiko mbali. Kile kinachoifanya iwe tamu mdomoni ndicho kinachoifanya ikukimbie mkononi, na huwezi kuchagua kimoja.

Kwa hiyo unajifunza mkono mwepesi. Nanawa kwa maji baridi, nafuta hadi pawe pakavu kabisa, najipaka unga wa kakao kwenye viganja. Nachota kwa kijiko kidogo, nabana kwanza ili tonge lishikamane, ndipo nazungusha mara mbili tatu tu na kuliachia. Ukitaka liwe duara kamili utaendelea kuzungusha, na ukiendelea kuzungusha utabaki na mkono mweusi na tonge nusu. Nachukua machache, mengine yanabaki kwenye ubaridi. Mikono ikianza kuteleza naenda kunawa tena. Ukiwa na hasira, damu imepanda, utaona mwenyewe jinsi zinavyokugomea.

Na nimeacha kuhangaikia sura. Hizi zilipewa jina la ule uyoga wa thamani unaochimbwa ardhini, penye mizizi ya miti, ukiwa umejaa udongo na hauna umbo la kueleweka. Yenye kona moja iliyobonyea ndiyo iliyo sahihi. Zile zinazolingana kama shanga zinanifanya niulize nani kazitengeneza, mtu au mashine.

Kuhusu ganda la nje nina msimamo, na najua nitapingwa. Wapo wanaotaka kila trufeli ichovywe kwenye chokoleti iliyoyeyushwa kwa vipimo: unaipasha ile nyeusi mpaka nyuzijoto 45 au 50, unaipoza hadi 27 hivi, unaipandisha tena mpaka 31 au 32, ndipo uchovye. Sababu ipo. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na moja tu kati ya hayo ndilo linalokupa mng'ao na ule mlio wa kuvunjika. Bila kipimajoto ganda linafifia na kufanya mabakamabaka meupe. Ni ufundi mzuri na nawavulia kofia. Lakini nyumbani, kwa kitu kitakacholiwa kabla ya wiki kuisha, naona unga wa kakao unatosha na kubaki. Ganda gumu hukuchelewesha. Unga hukukutanisha na uchungu kwanza, mara moja, kisha ulaini unafuata.

Unga huo una historia yake. Kakao ina mafuta mengi mno kuweza kuwa unga mkavu, mpaka familia ya Van Houten huko Uholanzi ilipopata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1828 ya namna ya kuyakamua. Baadaye wakaongeza hatua ya kuitibu kakao kwa alkali ili kupunguza ukali wake, na hiyo ndiyo ile nyeusinyeusi isiyo na uchachu ninayoipendelea kwa kuviringishia. Ile isiyotibiwa ina rangi ya kahawia iliyopauka na inachachua ulimi. Na bamba lenyewe lilikuwa na chengachenga hadi mwaka 1879, Rodolphe Lindt alipotengeneza mashine yake mjini Bern ya kuikoroga chokoleti kwa saa nyingi mfululizo. Nikifikiria hilo, naona trufeli ni kitu cha juzi tu, ingawa inajifanya ya kale.

Ladha nyingine huwa naziingiza kupitia krimu. Punje za kahawa zilizopondwa kidogo, maganda ya chungwa, au majani ya mnanaa: unazilowesha kwenye krimu ya moto nusu saa, unachuja, unapasha tena. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuipima krimu upya baada ya kuchuja, kwa kuwa punje za kahawa zinakunywa. Usipoongeza kilichopungua, ile mbili kwa moja inavurugika na utashangaa kwa nini imekatika.

Kugawa nako ni kazi. Nikimpa mtu namwambia kabisa: uzile, usizitunze. Sisi tuna ugonjwa wa kuwawekea wageni kila kilicho kizuri. Shangazi yangu mmoja alizifungia kabatini, kwa heshima tu, akingoja siku yenye uzito. Siku ilipofika zilikuwa zimeota manyoya. Akanipigia simu kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Mwanangu, hivi vitu vyako vilikuwa hai?" Nikamwambia, naam Shangazi, vilikuwa hai.

Kwa watu wa namna yake sasa natumia friza. Zinavumilia kama zimo kwenye chombo kinachofungwa vizuri, na kinachotakiwa ni kuzihamishia kwenye friji siku moja kabla, chombo kikiwa bado kimefungwa, ili unyevu wa hewa uishie juu ya mfuniko na si juu ya chokoleti. Kabla ya kuandaa naziviringisha tena kwenye kakao, maana ule unga wa kwanza unakuwa umelowa. Zinakuwa nzuri, ingawa mimi natambua tofauti.

Zinazofuata nataka ziwe za chokoleti nyeupe, na hapo hesabu inabadilika, tatu kwa moja, kwa sababu ile haina unga wa kakao wa kuishikilia, ni mafuta yake tu pamoja na maziwa na sukari. Wifi ameshaagiza. Nimemwambia aje na mikono yake, tena iwe ya baridi.