Pai za Vuli, Kansanga

Huku Kampala mwezi wa tisa huoni jani hata moja lililogeuka jekundu. Mji uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kinachoingia Septemba ni mvua: ngurumo za alasiri kutoka upande wa ziwa, tope jekundu njiani, waendesha bodaboda wamejibanza chini ya vibaraza vya maduka wakingoja ianuke. Mvua hizo hushika hadi Novemba, na Desemba huwa bado zinachungulia. Kwetu Tanga ndizo vuli, ila za kwetu huchelewa kidogo. Mimi nilikuja Uganda kwa ndoa, na moja ya mambo yaliyonifanya niyapende majira haya ya huku ni pai ndogo za matunda, zile za kushika mkononi, ambazo Wamarekani huzioka wakati majani ya kwao yanapopukutika.

Nilizijua kwa jirani yangu, mama mtu mzima wa jimbo la Vermont anayefundisha hapa mjini. Oktoba ikifika huanza kunyong'onyea. Atakwambia kwao sasa watu wako mashambani wanachuma matufaha, milima imewaka rangi, kila nyumba inanukia mdalasini. Nilimwelewa haraka. Ramadhani ikiandama na mimi niko Kansanga, mtaa wetu huku Kampala, moyo wangu wote uko Tanga kwenye kaimati na tambi za mama. Basi nikamwambia, "Mama, njoo tupike hapa kwangu, jiko ni lako." Akaja. Mama wa Bukavu anayekaa nyumba ya nyuma akasikia harufu, naye akaja. Kiswahili cha pwani, Kiswahili cha Kivu chenye Kifaransa ndani yake, na Kiswahili cha Mmarekani alichojifunzia Arusha vikakaa meza moja, na tangu hapo kila vuli tunaoka.

Kwao Vermont pai ya tufaha imeandikwa hadi kwenye sheria. Mwaka 1999 jimbo liliitangaza kuwa pai yake rasmi, na sheria hiyo inawahimiza wanaoiuza wajitahidi kuiandaa na glasi ya maziwa baridi, au aiskrimu ya vanila, au kipande cha jibini ya cheddar kisichopungua nusu aunsi, yaani kama gramu 14. Jibini na tufaha! Mtu wa pwani anayekula embe bichi kwa chumvi na pilipili hawezi kushangaa sana. Tunda lenye ukali linaomba chumvi. Hapo ndipo niliposhika njia yangu mwenyewe, kwa sababu naamini pai hizi za matunda zinapendeza zaidi zikiwa nusu tamu na nusu za chumvi kwenye sinia moja, na naamini matunda ya Uganda ya majira haya yanazifaa vizuri sana.

Tuanze na tufaha lenyewe. Mengi unayoyaona Kampala, yamepangwa yakimetameta kwenye meza za soko la Nakasero, yametoka Afrika Kusini. Yale mekundu matamu ni ya kutafuna tu. Yakipata moto hulainika yakawa uji na ladha yake inapotea. Kwa pai chukua ya kijani, aina ya Granny Smith, yenye ukali na nyama ngumu. Ila ukibahatika, tafuta ya Kabale, kule milimani kusini-magharibi mwa nchi. Uganda ina matufaha yake, na watu wengi waliozaliwa hapahapa hawajui.

Mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Hupukutisha majani, hulala, na usipopata saa za kutosha za baridi hauamki vizuri, unachipua kwa kusuasua na maua yanakuwa haba. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake unataka blanketi nzito, lakini si baridi ya theluji. Kwa hiyo wakulima wa Kigezi, eneo ambalo Kabale imo, hupanda aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna, iliyozalishwa Israel, na Golden Dorsett, ambayo asili yake ni Bahamas. Kisha kazi inayobaki huifanya kwa mikono. Baada ya kuvuna, mkulima huyanyofoa majani ya mti mpaka ubaki matawi matupu, na huo mti uliovuliwa ndio unaochipua upya na kutoa maua. Nilipomsimulia jirani yangu, aliweka kisu chini. "Kumbe nyinyi vuli mnaitengeneza kwa vidole," akasema. Siku ile alimenya matufaha taratibu kuliko kawaida yake.

Sasa unga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pai nyingi ninazoonjeshwa mjini zinaharibikia hapa. Siagi ina maji ndani yake, kama sehemu moja kati ya sita. Vipande vya siagi baridi vikibaki vizima ndani ya unga, moto wa jiko huyageuza maji hayo kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoinua tabaka za ganda. Siagi ikiyeyuka kabla ya kuingia motoni, umekwisha kupata biskuti. Kampala si joto kama Tanga, lakini jikoni saa saba mchana, chini ya bati, siagi inalegea ukiitazama. Mimi hufanya kazi ya unga alfajiri baada ya sala, wakati sakafu bado ya baridi.

Chukua gramu 300 za unga mweupe wa ngano wa kawaida, usio na hamira ya aina yoyote, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na gramu 200 za siagi iliyotoka kwenye friji, ukaikate vipande vidogo. Isugue ndani ya unga kwa ncha za vidole tu, viganja vina joto. Acha vipande vingine vibaki ukubwa wa punje za mbaazi. Nyunyiza kijiko cha siki, halafu maji ya barafu kijiko baada ya kijiko, sita hadi vinane, mpaka unga ushikamane ukiubana. Usiukande kama wa chapati. Najua mikono yetu imezoea kukanda hadi unga ulainike, na hapa lazima uizuie. Ubonyeze uwe bapa, ufunge kwenye mfuko, uuweke kwenye friji saa moja.

Wapo wanaoniuliza kama samli ya Ankole inafaa. Samli haina maji, kwa hiyo ganda halitainuka tabaka. Litakuwa la kuvunjikavunjika, tamu, lenye harufu nzito. Kwa pai za chumvi mimi huondoa robo ya siagi nikaweka samli mahali pake, na sijuti.

Mchanganyiko wa tamu ni mwepesi. Matufaha manne ya kijani yaliyokatwa vipande vidogo, vijiko vitatu vya sukari, chumvi kidogo, mdalasini, tangawizi, kungumanga iliyokunwa, na karafuu mbili zilizotwangwa. Jirani yangu hununua viungo hivi vikiwa vimechanganywa tayari kwenye kikopo kutoka kwao, na anasema hiyo ndiyo harufu yenyewe ya majira yao. Mimi niliufungua ule mfuniko nikasikia jikoni kwa bibi yangu siku ya pilau. Karafuu imelimwa Unguja na Pemba tangu karne ya 19, na sisi watu wa pwani tunaweza kutwanga mchanganyiko huo mbichi, wenye nguvu mara mbili ya ule wa kikopo. Pika matunda kwenye sufuria mpaka yalainike nje na kubaki magumu ndani, koroga kijiko kimoja cha wanga wa mahindi, ule mweupe wa kastadi, kwenye maji kidogo, uumimine, chemsha mpaka mchuzi ung'ae. Limau lije mwisho, baada ya kuepua. Ukali wa limau ukichemka muda mrefu na wanga huuvunja nguvu, na mchuzi utarudi maji. Halafu acha ipoe kabisa.

Wamarekani huweka pia kranberi, matunda madogo mekundu makali yanayovunwa huko vulini. Hapa hatuna, na hatuna haja nayo. Tuna ntuntunu, zile duara za rangi ya chungwa zinazokaa ndani ya ganda jepesi, zinazouzwa kwa vikombe kando ya barabara. Zina ukali uleule wa kuamsha ulimi, na zikipasuka kwenye moto hutoa mchuzi mzito zenyewe. Robo ya ntuntunu kwa robo tatu za tufaha ndiyo pai tamu ninayoipenda kuliko zote.

Za chumvi ndizo zinazogombewa. Kwao huoka tufaha na soseji ya nguruwe. Kwangu hiyo haiingii, kwa hiyo nilitafuta nyama ya kusaga ya ng'ombe na nanasi. Mananasi ya Kayunga na Luwero ni matamu kiasi kwamba ukiyatia kwenye pai tamu hayana kazi, yanaongeza utamu juu ya utamu. Kwenye nyama yanapata mpinzani wa kushindana naye. Kaanga kitunguu hadi kiwe cha kahawia, tia thomu, binzari nyembamba, pilipili mbuzi nusu, nyama, chumvi, acha ikauke kabisa. Nanasi likatwe dogo na likaangwe peke yake kwenye kikaango kikavu mpaka maji yaishe na kingo zianze kuungua, ndipo likutane na nyama. Usilichanganye likiwa bichi ukaiacha nyama ikingoja: nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na nyama itageuka rojo. Moto hukiua. Mwishoni kotmiri nyingi.

Ya pili ni boga. Boga nalo ni tunda, na masoko ya huku yamejaa hayo. Lichome, usilichemshe, ulipondeponde na kitunguu kilichokaangwa na karanga zilizotwangwa zikabaki na punje. Mama wa Bukavu huongeza matunda damu (magogwe) mawili yaliyomenywa, na ukali wake unaliinua boga ambalo peke yake limelala. Ya tatu ni ile ya Vermont, tufaha la kijani na kitunguu na jibini ngumu, ambayo mimi huikunia Gouda inayotengenezwa hapahapa Uganda.

Kusukuma na kufunga hakuna siri. Unga uwe unene wa milimita tatu, kata duara za sentimita 12 kwa mfuniko wa kopo, weka kijiko kimoja kilichojaa cha mchanganyiko uliopoa, lowesha ukingo kwa maji, kunja nusu, bana. Uma unatosha, mimi nazisuka kingo kwa vidole ili anayekula ajue: zilizosukwa ni za chumvi, za uma ni tamu. Zichanje juu mara mbili kwa ncha ya kisu mvuke upate njia. Rudisha kwenye friji dakika ishirini, pakaza yai, oka kwenye nyuzi 200 za selsiasi dakika 20 hadi 25 mpaka ziwe kahawia, si njano. Pai ya njano ni mbichi chini hata kama juu inavutia.

Umeme ukikatika, na mvua hizi zinaukata, tunarudi kwa sigiri. Sufuria nzito, mchanga mkavu vidole viwili chini, makaa chini, mfuniko wa bati na makaa juu yake. Ndivyo mama zetu walivyooka mkate wa sinia, na mwanamke wa pwani anajua kuwa makaa mengi yakae juu kuliko chini. Pasha sufuria robo saa kabla ya kuweka pai. Zinatoka na harufu kidogo ya moshi, na zile za jibini zinapendeza zaidi hivyo.

Uingereza, upande wa Bedfordshire, wafanyakazi wa mashambani walikuwa na pai ndefu yenye chakula upande mmoja na tunda tamu upande wa pili, mtu anaanza kwa mlo na kumalizia kwa kitamutamu bila kunawa mikono. Tumeijaribu kwa unga wetu: nyama na nanasi kushoto, tufaha na ntuntunu kulia, kijiukuta cha unga katikati. Watoto wa mtaa wanaipenda kupita zote, na wanabishana waanzie wapi.

Ukitaka kuweka akiba, zigandishe mbichi, zimetandazwa kwenye sinia kwanza zisigandane, kisha zitie mfukoni. Zioke zikiwa bado barafu, ongeza dakika kama saba, na yai lipakazwe wakati huo. Mimi nimeanza kujaza friji, kwa sababu Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, na jirani amekubali iwe kwangu. Mama wa Bukavu ameahidi samaki. Wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya wa chuo cha jirani wameshajialika wenyewe, na wameagiza za nanasi.