Pete 14 za changu mmoja

Nimerudi sasa hivi kutoka diko la Malindi, Unguja, na mikono yangu bado ina shombo.

Nilipoanza kazi ya utafiti wa uvuvi, wavuvi walinipa samaki niwapime, lakini kila nilipouliza swali walimjibu mwenzangu wa kiume aliyesimama kando yangu, na jambo hilo liliniuma kwa miaka mingi.

Leo nahodha mmoja mzee ameniita mwenyewe.

"Mwanangu, yule changu uliyemchukua mwezi uliopita alikuwa na umri gani?"

Nilimweleza kwamba samaki ana kijiwe ndani ya sikio, ambacho tukikikata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini huonyesha pete kama zile za shina la mti, na kwamba changu wake alikuwa na pete 14.

Alinyamaza kwa muda.

"Basi amezaliwa mwaka mmoja na mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya chini.

Bado naiona sura yake alipoligeukia tenga lake, lililojaa changu wadogo wasiozidi urefu wa kiganja.

Dada zangu mnaofanya kazi baharini, nanyi mliulizwa lini swali lenu la kwanza?