Nilivyomfundisha mwanangu kuandika kwa kuanzia mabegani

Mwanangu wa tatu alipoingia darasa la kwanza hapa Wete, Pemba, akiwa na miaka sita, daftari lake lilirudi nyumbani kila siku likiwa na matundu. Aliikandamiza penseli mpaka ncha ikakatika, akachoka kabla ya kumaliza mstari mmoja, kisha akalaza kichwa juu ya mkono na kuteleza taratibu kutoka kitini. Herufi alizitambua zote, za chuo cha Kurani na za skuli, na kwa mdomo alihesabu hadi mia bila ya kukosea, lakini mkono ulikataa kuandika kile ambacho kichwa kilikwishakijua. Watu waliniambia kuwa mtoto ni mzito wa kufahamu, na neno hilo linaniuma hadi leo.

Jirani mmoja alisema ameonewa jicho. Mwengine alisema achapwe. Mwalimu mmoja alishauri aandike kurasa tatu kila usiku, nami nikaufuata ushauri huo kwa miezi miwili hivi. Sikumbuki nilitumia shilingi ngapi kwa madaftari na penseli, ila fedha za kitoweo za siku kadhaa ziliishia humo. Nilichokipata ni mtoto anayeanza kulia kabla hata mkoba haujafunguliwa.

Kisha nikasikia kuwa watoto wafinyange unga ili vidole vipate nguvu. Nilikanda unga wa ngano katika beseni, nikamshika mikono yote miwili na kuitumbukiza humo. Alipiga ukelele, akajifuta kwenye kanzu yake, akatapika, na kwa siku kadhaa baadaye hakutaka kula wali kwa mkono, akawa anadai kijiko. Hapo ndipo nilipoyakumbuka mambo niliyoyaona kwa miaka mingi bila ya kuyaelewa: tangu mdogo hakupenda mchuzi umguse vidole, na tukienda pwani alinyanyua miguu kila alipokanyaga mchanga wenye maji. Nilimlazimisha jambo ambalo ngozi yake ililipokea kama maumivu, na nimekwishamwomba radhi.

Tulipima macho na masikio kwanza, yote yakawa mazima, ndipo tukaelekezwa kwa mtoa tiba kwa vitendo, yaani mtaalamu anayemsaidia mtu kumudu kazi za kila siku kama kula, kuvaa na kuandika. Huyu hakumpa penseli hata kidogo. Alimlaza kifudifudi akamtaka ainue mikono na miguu kama ndege anayeruka, na mwanangu hakuweza kukaa hivyo hata kwa hesabu ya tano. Akanieleza kuwa mbali na milango mitano ya fahamu tunayoitaja kila siku, zipo hisia nyengine mbili ambazo mtoto huzihitaji ili asome. Ya kwanza imo ndani kabisa ya sikio, ambamo mifereji 3 midogo yenye majimaji huuarifu ubongo namna kichwa kinavyogeuka, na bila ya habari hizo kukaa wima kitini ni kazi nzito. Ya pili imo katika misuli na viungo, nayo husema mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani. Taarifa hiyo ikiwa hafifu, mtoto hukandamiza penseli mpaka karatasi itoboke, kwa sababu hahisi kuwa amekwishakandamiza. Mtu aliyeyapanga mafunzo haya kwa uwazi, katika miaka ya 1960 na 1970, ni Mmarekani A. Jean Ayres. Nilielezwa pia kuwa katika mifupa 8 ya kifundo cha mkono, mengine huwa bado ni gegedu katika umri ule, na kwamba kiwiliwili na mabega hutangulia, vidole hufuata.

Basi tukaanzia mabegani. Nilimpa dumu dogo la maji alibebe kutoka mferejini, na nilimweka juu ya mbuzi akune nazi, mimi nikiwa nyuma yake na mkono wangu juu ya wake, kwa sababu meno ya mbuzi hayana huruma. Baba yake alifunga pembea kwenye mwembe, akawa analala juu yake kwa tumbo huku akitupia kokwa ndani ya pakacha. Nilikatazwa kumzungusha kwa kasi, na alipoanza kupauka uso tuliacha mara moja.

Lakini kilichomfungua vidole ni karafuu. Msimu ulipoingia, jioni tulikaa juu ya jamvi kuchambua kama ilivyo desturi. Anayechambua hushika kichala kwa konyo kwa mkono mmoja, akakilaza juu ya kiganja cha pili na kusukuma mpaka karafuu ziachane na konyo. Kila mkono una kazi yake, sawasawa na mwandishi ambaye mkono mmoja hutuliza karatasi na wa pili huandika. Safari hii sikumwita wala sikumshika. Niliweka fungu dogo mbele ya mahali anapopenda kukaa, kibaba kitupu kando yake na kitambaa kikavu juu ya goti lake, nikamwomba bibi yake asiseme neno.

Siku ya kwanza alitazama tu. Siku ya pili aliokota karafuu moja kwa ncha za vidole, akainusa, akajifuta. Siku ya tatu akauliza, "Bibi, hizi zangu?" Bibi yake akamjibu, "Zako, mume wangu. Kibaba kikijaa nitakulipa kama ninavyowalipa wachumaji." Kilichukua karibu wiki nzima kujaa, na alijifuta labda mara mia, lakini nilifahamu kuwa kitambaa kile ndicho kilichompa ujasiri: alijua anaweza kuisimamisha ile hisia wakati wowote anaotaka. Kutoka karafuu alihamia kwenye tui, na miezi kadhaa baadaye alitia mwenyewe mikono katika unga wa chapati, kitambaa kikiwa karibu. Makonyo, ambayo hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, aliyabeba kwenye pakacha hadi ukumbini, na mzigo huo nao uliyapa mabega kazi. Sikumtoa skuli hata siku moja kwa ajili ya karafuu, wala sikumruhusu kupanda mkarafuu, na mzazi anayefanya hivyo simuungi mkono.

Penseli tuliiweka kando muda wote huo. Aliandika herufi kubwa ukutani kwa burashi la chokaa lililochovywa maji, mkono wote ukizunguka kutoka begani, kisha kwa kidole juu ya sinia la mchanga mkavu, kisha kwa kipande cha chaki. Penseli iliporudi, niliikata ikawa fupi kama kidole gumba, kwa sababu penseli fupi haishikiki kwa ngumi, vidole vitatu hujipanga vyenyewe. Skuli niliomba awekewe tofali chini ya miguu, maana mtoto anayening'iniza miguu hutumia nguvu zake zote kujizuia asianguke. Nilijibiwa kuwa wenzake watamcheka. Nilirudi mara tatu, na tofali likawekwa.

Sasa yuko darasa la tatu. Mwandiko wake haujanyooka sana, na gundi bado haipendi. Msimu huu bibi yake amempa kazi ya kuandika pishi za kila mchumaji, majina upande mmoja na hesabu upande wa pili, na jana nililifunua daftari hilo ukurasa kwa ukurasa kwenye mwanga wa taa, nisione tundu hata moja.