Nimeirudia Quake III Arena
Jana usiku nimefungua tena Quake III Arena, gemu ya id Software ya mwaka 1999. Nilipanga kucheza dakika 10 tu, nikaja kushtuka ni saa nane usiku! Haina hadithi wala misheni: unatokea uwanjani, unaokota silaha, unapambana. Ila mwendo wake, jamani. Ukiruka huku unageuza kipanya taratibu, kasi inapanda kila mruko, na vidole vyangu bado vinakumbuka. Roketi nayo unaifyatua miguuni pako ikurushe juu, unalipia kwa uhai kidogo. Ramani ya Q3DM17, ile ya majukwaa yanayoelea angani, bado naipenda kuliko zote. Leo usiku narudi hapo hapo.