Siku moja maishani mwangu: kinyozi wa Cleveland, asubuhi baada ya Shedeur kuanza

Saa kumi na mbili asubuhi niko macho. Ni Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, na Jumamosi kwa kinyozi ndo siku yenyewe, alafu jana usiku Browns, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, wamecheza mechi ya majaribio kabla ya msimu na Panthers kule Carolina, kwahiyo najua kabisa leo nitanyoa huku naamua ugomvi. Chai, mkate, natoka.

Saa mbili nafungua. Napiga mashine spirit, naweka wembe mpya, nawasha TV. Mteja wa kwanza ni mzee mmoja dereva wa basi mstaafu, hata kitambaa sijamfunga shingoni kashaanza, umemuona yule kijana? Nimemuona mzee wangu. Shedeur Sanders, kwotabeki wetu mgeni, pasi 14 zimefika kati ya 23, yadi 138, tachidauni mbili (ndo mabao yao) na zote kwa Kaden Davis, tumeshinda 30-10.

Kwa wenzangu wa nyumbani msiofuatilia huu mpira wao wa kushika na mikono, kwotabeki ndo anaupokea mpira kila ukianzishwa, yeye anaamua amrushie nani na muda wa kufikiria hana, mijitu inamkimbilia. Usipokuwa na kwotabeki huna timu. Na sisi hatuna, yaani tangu Browns irudi mwaka 1999 wameshaanza makwotabeki 40 tofauti! Mwaka 2022 tukasema sasa basi tumepata, akaja Deshaun Watson kwa mkataba wa dola milioni 230 wa uhakika wote, leo yuko nje kano ya kisigino imekatika mara mbili, na msimu uliopita tumeshinda 3 tumepigwa 14. Ndo maana watu hapa wanagombana mwezi wa nane kama vile ni fainali.

Saa nne viti vyote vimejaa. Kambini Berea, timu inapofanyia mazoezi, wanagombea nafasi ya kwotabeki wanne. Joe Flacco, miaka 40, ndo namba moja kwenye orodha ya timu. Kenny Pickett wa pili, wa tatu Dillon Gabriel, Shedeur wa mwisho. Jana Shedeur kaanza kwa sababu Pickett na Gabriel wote wana maumivu ya nyama za paja na mzee Flacco kapumzishwa. Kijana mmoja niko namchonga ukingo wa nywele kwenye paji la uso, anageuza kichwa ghafla amjibu mwenzie wa kiti cha pili, nikamshika kidevu nikamwambia tulia, wembe huu. Hoja yake, kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Gabriel alichukuliwa raundi ya tatu namba 94 na Shedeur raundi ya tano namba 144, kwahiyo timu ilishaamua zamani. Mwenzie anamwambia ukishafika kambini namba ya drafti haichezi, anayecheza ni mtu.

Mi nipo na huyo wa pili, na nilisema kwa sauti. Flacco aanze, sina shida, mwaka 2023 alitolewa nyumbani hana timu akatufikisha mtoano. Wazee wengine bado hawamsamehi kwa ubingwa aliochukua na Baltimore, timu iliyohamishwa kutoka hapahapa, mi hilo nimelisamehe. Ila Shedeur mazoezi na kikosi cha kwanza amepata kiduchu mno, kila siku anawarushia watu ambao nusu yao wataachwa kabla msimu haujaanza, alafu mwisho wa kambi waseme tumempima tumemuona! Hapo mmempima nani? Mpeni wadakaji pasi wa kweli na walinzi wa kweli wiki moja tu, akishindwa mi wa kwanza kunyamaza.

Saa nane nakula wali na maharage nimesimama.

Saa tisa anaingia ndugu yangu Mkongomani wa Bukavu, huyu tunaongea Kiswahili. "Kaka, ule mutoto iko na roho nguvu." Nikamuonyesha kwenye simu tachidauni ya pili, tukairudisha, tukairudisha tena. Angalia miguu nikamwambia, anakimbilia kulia na anabanwa lakini macho hayaachi kutafuta mtu, na anarusha huku bado anakimbia. Hicho ndo kinachonivuta kwake. Akaniambia lakini kaka, ile ilikuwa Panthers ya akiba. Kweli kabisa, na wenzake Shedeur nao walikuwa wa akiba, kwahiyo bado tuko palepale.

Saa moja jioni nafagia nywele, wawili wa asubuhi wamerudi na wako mlangoni bado wanabishana. Jumamosi ijayo ni Philadelphia, na kabla ya mechi kuna mazoezi ya pamoja na Eagles, mabingwa wenyewe. Nimewaambia msiangalie matokeo, angalieni kocha Stefanski anampanga nani na nani mazoezini. Shedeur akipewa hata mipira kumi na kikosi cha kwanza mbele ya ulinzi ule, basi tutakuwa na mashindano ya kweli, na asipopewa nitaendelea kusema hivihivi.