Hanania naye alisema "Bwana asema hivi"

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sijatoka kwenye Yeremia 28. Nimeisoma asubuhi, nimeisoma kwenye daladala, nimeisoma usiku wenzangu wamelala, na kila nikitaka kuhamia sehemu nyepesi kidogo narudishwa palepale. Kwa hiyo aliyekuja leo kutafuta neno la kupoza moyo anisamehe, naandika kilichonikaba.

Wote tunaijua Yeremia 29:11. Iko kwenye kadi za harusi, iko nyuma ya bajaji, tarehe moja ya kila mwezi iko kwenye stetasi za nusu ya watu niliowasevu kwenye simu. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Naipenda sana na siiachi. Ila mstari wa 10 je, ambao uko juu yake tu hapo? Unasema Babeli ikitimiziwa miaka sabini ndipo nitawajilia na kuwarudisha. Sabini! Hii ilikuwa barua, Yeremia aliiandika Yerusalemu akawapelekea watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza mfalme wa Babeli, pamoja na Yekonia mfalme wa Yuda, mwaka 597 kabla ya Kristo, sasa fikiria mzee wa miaka hamsini anasomewa barua ile kule Babeli, anaelewa palepale kwamba yeye harudi nyumbani, kaburi lake liko huko huko. Na Mungu anamwambia huyo huyo mzee jenga nyumba, panda bustani, ozesha watoto, uombee mji ule amani. Hapo ndipo mawazo ya amani yalipoandikwa, katikati ya habari ya kukaa sana ugenini.

Tunasoma Biblia kama mtu anayesoma karatasi ya mkopo, macho yanaishia penye kiasi atakachopewa, penye riba hafiki.

Sasa rudi sura moja nyuma. Yeremia anatembea Yerusalemu na nira ya mti shingoni, Mungu ndiye aliyemwambia aivae, ujumbe ni kwamba mtamtumikia mfalme wa Babeli na msidanganyike. Anakuja nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, na anakuja wapi, ndani ya nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, anasema Bwana wa majeshi asema hivi, nimeivunja nira ya mfalme wa Babeli, ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vinarudi, Yekonia anarudi, mateka wote wanarudi. Nadhani kanisa lililipuka siku ile. Maana hebu tuseme ukweli, kati ya miaka miwili na miaka sabini wewe ungemwamini nani?

Na angalieni, Hanania hakuja na hirizi. Hakusema Baali. Alitumia jina lile lile na maneno yale yale ya kufungulia ambayo Yeremia anayatumia, na hata alichokisema hakikuwa uongo mtupu, maana mateka kweli walikuja kurudi, vyombo kweli vilirudi, soma Ezra sura ya kwanza. Mungu kweli anavunja nira. Alichofanya ni kukata. Alichukua mwisho wa habari akatupa katikati yake yote, akampa mtu arudi bila kupita njia. Shetani naye kule jangwani alifanya hivyo hivyo na Zaburi ya 91, akanukuu malaika, akaishia kabla hajafika penye kukanyagwa nyoka. Ukweli nusu unashinda uongo kwa kutembea, kwa sababu una kitambulisho.

Lakini kilichoniliza ni jibu la Yeremia. Mstari wa 6. "Amina, Bwana atende hivyo." Yeremia alisema amina jamani! Sisi tunamfikiria Yeremia ni mtu wa kununa, anayependa habari mbaya, kumbe naye alitamani iwe miaka miwili. Ana ndugu zake kule. Angeshangilia kuliko wote. Kisha Hanania akamvua ile nira shingoni mbele za watu akaivunja, na Biblia inasema tu kwamba nabii Yeremia akaenda zake. Hakurudisha neno pale. Alikuwa hana neno bado, na mtu wa kweli asiye na neno hatengenezi la kwake ili asionekane ameshindwa mbele ya maiki. Neno lilimjia baadaye, nenda kamwambie Hanania umevunja nira za mti, na badala yake zitakuwa za chuma. Mwaka ule ule mwezi wa saba Hanania akafa.

Niseme la kwangu sasa, maana wengine mnajua na wengine hamjui. Binti yetu wa kwanza ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na baba yake wote tulibeba vinasaba vyake bila kujua, tukajulia kwake akiwa mdogo, vidole vimevimba, analia usiku kucha hakuna anayeelewa. Maumivu yakimshika ni ya mifupa, hata shuka linamuuma. Mwaka jana amelazwa, jioni akaja mtumishi mmoja, jina siliandiki, ameletwa na ndugu zetu kwa upendo kabisa sina kinyongo nao, ana chupa ya mafuta. Akaomba vizuri. Mpaka hapo niko naye. Kisha akaona ile kadi ya kliniki kwenye meza ya kitanda, pembeni ya jagi la maji, kadi imechakaa kona zote, akaishika akaniambia mama, hii ni hati ya shetani, kila ukienda kliniki unasaini tena, mtoto amepona, toa hii kadi tuichane hapa hapa kwa imani, na zile dawa acha kuanzia leo.

Nikasema amina kwa uponyaji. Na amina yangu haikuwa ya unafiki, ni mzazi gani hataki mwanawe apone leo leo? Ila kadi niliirudisha kwenye pochi na asubuhi mtoto akameza vidonge vyake kama kawaida. Nikaambiwa ninyi ndio mnaomzuia Mungu. Neno hilo lilikaa kifuani miezi, nikiosha vyombo linakuja, mtoto akishikwa tena ndio linakuja kwa nguvu zaidi, labda ni kweli, labda imani yangu ndiyo inayomuumiza huyu mtoto.

Kilichonitoa pale ni Biblia yenyewe nilipokubali kuisoma bila kuruka. Waebrania 11 tunaipenda, mashujaa wa imani, wameshinda milki za wafalme, wamefunga vinywa vya simba. Mstari wa 34 wameokoka na makali ya upanga. Shuka mpaka wa 37, waliuawa kwa upanga. Upanga ule ule, imani ile ile, sura ile ile, na mwandishi anasema wote hawa walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Hakuna aliyeambiwa wewe wa mstari wa 37 imani yako ilikuwa ndogo. Au Paulo, ambaye leso zake tu zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona kule Efeso, Matendo 19, Paulo huyo huyo anaandika kwenye 2 Timotheo 4:20, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Amemwacha mgonjwa! Hakumlaumu. Wala hakuuficha mstari huo ili huduma isichafuke. Na Timotheo tumbo linamsumbua anaambiwa atumie mvinyo kidogo.

Kwa hiyo mimi leo naamini vyote viwili na sitakubali uninyang'anye kimoja. Mungu anaponya, nimewaona aliowaponya, na kila usiku naweka mkono juu ya binti yangu naomba. Na Mungu huyo huyo anakaa Babeli na watu wake miaka sabini bila kuwaacha. Ukinipa cha kwanza peke yake utanivunja siku ya kulazwa, na ukinipa cha pili peke yake nitaacha kuomba.

Hapa naomba niseme na ninyi mnaoshika maiki. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu waliofunga mpaka kufa wakiamini wanaenda kumwona Yesu, watoto wamo. Sote tukasema aah ile ni dhehebu potofu, tukaendelea. Ila kila mkesha wa tarehe 31 Desemba tunatangaziwa mwaka wa kuvuka, mwaka wa kupokea, bango linachapwa, tisheti zinauzwa, ikifika Novemba hakuna anayeuliza ule mwaka wa kuvuka ulimvusha nani, linachapwa bango jingine. Na yule mama aliyetoa ada za watoto kama mbegu, yaani sadaka ya kutegemea muujiza, anakaa benchi la nyuma anajilaumu yeye. Mtumishi, ukisema "Bwana asema" na Bwana hajasema, unawatumainisha watu uongo, maneno hayo Yeremia alimwambia Hanania usoni. Acha. Sema "sijui" kama hujui, enda zako kama Yeremia, utaheshimika tu.

Na sisi wa kwenye viti tusijifiche nyuma ya watumishi. Hanania ana soko kwa sababu yetu. Tunakopi mstari tunapesti, tunashea klipu ya dakika moja bila kujua mahubiri yalianzaje, mwalimu akifundisha sura nzima tunaangalia saa. Kweli yote ni nzito kubeba, Yesu mwenyewe alisema ninayo mengi ya kuwaambia lakini hamwezi kuyastahimili sasa, ndipo akaahidi Roho wa kweli atakayewatia kwenye kweli yote. Watu wa mji wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko kila siku na hakuna aliyewaita waasi. Apolo naye, mhubiri hodari wa Maandiko, alikubali kukaa chini akafundishwa na Prisila na Akila fundi mahema. Halafu Danieli! Yuko Babeli, mzee sasa, utawala umeshapinduliwa, na sura ya 9 anasema alifahamu kwa kuvisoma vitabu, hesabu ya miaka sabini ya Yeremia. Aliisoma mpaka namba. Na ile namba haikumlegeza, alifunga, akavaa gunia, akaomba ombi ambalo mpaka leo ukilisoma kwa sauti unatetemeka.

Basi wiki hii tusome Yeremia 27, 28 na 29 kwa mkao mmoja, ikiwezekana kwa sauti na watoto wawepo, haichukui hata nusu saa. Mkifika 29:24 mtakutana na mtu anaitwa Shemaya, yuko Babeli, kaandika barua Yerusalemu kumuuliza kuhani kwa nini Yeremia hajakemewa mpaka sasa. Huyo nitaanza naye wiki ijayo Mungu akitupa uzima, kwa hiyo mwenye maswali juu yake ayaweke mapema.